Pakiti ya 48V 20Ah inakata njiani ikiwa bado na 46V: tuilaumu chaja, BMS au seli?

#1 FundiWaya
Wakuu, salaam. Mezani kuna pakiti ya pikipiki ndogo ya umeme, seli za 18650 za ioni za lithiamu. Mpangilio ni 13S8P: makundi 13 kwa mfululizo, kila kundi seli 8 sambamba za 2500mAh, jumla seli 104. BMS, yaani ubao wa kulinda na kusawazisha seli, ni ya 30A, ya kawaida, haina Bluetooth. Chaja ni 54.6V 5A.

Taa ya chaja inageuka kijani mapema. Ukiiacha usiku kucha na kupima asubuhi, pakiti ina 53.9V tu. Barabarani inavuta vizuri, halafu inakata ghafla wakati dashibodi inaonyesha 46V. Kontrola ya mota imepangwa kukata kwenye 39V, kwa hiyo siyo yenyewe. Mita ya wati inasema zimetoka 12.6Ah kati ya 20. Chaja ikipimwa bila mzigo inasoma 54.6V sawasawa.

Mafundi wawili wameshamwambia mwenye pikipiki anunue pakiti mpya. Kabla hatujafika huko, nipime nini na nianze wapi?

#2 Mchuma_Temeke
Chaja hiyo mkuu. Taa ya kijani haimaanishi betri imejaa. Inamaanisha mkondo umeshuka chini ya kiwango fulani, kwa chaja nyingi za 5A ni kati ya 0.3A na 0.5A. Chaja mbovu inaweza kusoma 54.6V ikiwa haina mzigo, ukiipa pakiti inalegea. Weka mita ya ampea katikati uone inapeleka ngapi, na pima volti kwenye plagi yake wakati inachaji, siyo ikiwa imening'inia.

#3 NjorogeVolts
Kabla ya kununua chaja, hebu tupige hesabu na hizo namba alizoleta mwenye uzi.

BMS nyingi za ioni za lithiamu zinakata kundi lolote likigusa kama 2.8V. Pakiti imekata kwenye 46.0V. Toa 2.8, inabaki 43.2. Gawa kwa makundi 12 yaliyobaki, unapata 3.60V kila moja. Yaani makundi 12 yapo sawa na bado yana chakula, kundi moja limekufa njaa na BMS imefanya kazi yake.

Sasa upande wa juu. Ikiwa kundi moja liko chini wakati wa kuchaji, tuseme 3.87V, zile 54.6V za chaja zinagawanywa na 12 yaliyobaki: 54.6 toa 3.87 ni 50.73, kwa 12 ni 4.23V. Hapo ukizidisha kidogo tu kwenye kundi moja linagusa 4.25V, BMS inafunga mlango, mkondo unakuwa sifuri na taa inakuwa kijani. Chaja haina hatia. Nasema pima kila kundi, utakuta moja liko mbali na wenzake.

#4 BintiSola
Njoroge yuko sahihi kwa hesabu. Namna ya kupima bila kuunguza kitu: waya mwembamba wa BMS una soketi ya pini 14, kutoka B- (hasi ya pakiti) hadi B13 (chanya ya kundi la 13). Chomoa soketi hiyo kwenye BMS. Kamwe usichomoe B- kubwa kwanza huku nyembamba zikiwa zimechomekwa, BMS nyingi zimekufa hivyo. Mita kwenye 20V DC. Ncha nyeusi pini ya kwanza, nyekundu ya pili, andika. Kisha sogeza zote mbili hatua moja. Funga ncha za mita kwa tepu ibaki milimita 2 tu ya chuma, kwa sababu ukigusisha pini mbili ni shoti ya seli nane na waya huo ni mwembamba kama uzi wa kushonea.

Ukimaliza, rudia kupima moja kwa moja juu ya bati la nikeli linalounganisha seli. Zikitofautiana na za kwenye soketi, waya umelegea na BMS inadanganywa. Pima mara mbili: saa moja baada ya kuchaji, na mara tu baada ya kukata barabarani.

#5 FundiWaya
Ahsanteni. Nimepima, baada ya kuchaji na kupumzisha:

Kundi la 1: 3.87V
Makundi ya 2 hadi 13: kati ya 4.16V na 4.18V

Juu ya nikeli na kwenye soketi ni sawa, tofauti haizidi 0.01V. Baada ya kukata: kundi la 1 limerudi 3.05V baada ya dakika kumi, mengine yote 3.68V hadi 3.70V.

#6 Mchuma_Temeke
Nakubali, chaja inatoka kwenye orodha. Basi kundi la 1 limepoteza seli. Weldi moja au mbili zimeachia, 8P imekuwa 6P, uwezo umeshuka kutoka 20Ah hadi 15Ah. Fungua pale, vuta kila bati la nikeli kwa kibano.

#7 NjorogeVolts
Hapana Mchuma, angalia upande wa juu. Kundi lililopoteza seli ni tangi dogo: linawahi kuisha na linawahi kujaa. Wakati wa kuchaji lingekuwa la kwanza kugusa 4.25V, siyo la mwisho likiwa 3.87V. Kundi lililo chini pande zote mbili halijapungua uwezo, limevuja. Kuna mahali chaji yake inakwenda.

Ila kuvuta mabati kwa kibano fanya tu, haina hasara.

#8 Mchuma_Temeke
Hapo umenishika, nimekuelewa. Lakini linaweza kuwa yote mawili: limevuja na limepungua.

#9 MzeeTransfoma
Vijana, angalieni BMS. Kila kundi lina kipingamizi cha kusawazisha na transista ndogo ya kukiwasha. Kundi likifika kama 4.18V transista inafungua, chaji ya ziada inachomwa kuwa joto hadi wengine wafike. Kipingamizi cha ohmu 100 kwenye 4.2V kinapitisha 42mA. Transista ikipata shoti, kinabaki kimewaka usiku na mchana. 42mA kwa saa 24 ni kama Ah moja. Ndani ya wiki moja kundi limeachwa nyuma Ah 6 au 7, na kutoka 4.17V hadi 3.87V ndiyo kiasi hicho hicho, karibu asilimia 30 ya 20Ah.

Kupima ni rahisi. Chomeka soketi, subiri pakiti ishuke chini ya 4.1V kwa kila kundi, kisha pima volti juu ya kila kipingamizi kikubwa kwenye ubao. Kilicholala kinasoma 0V. Kilichowaka kinasoma volti za kundi zima na kina uvuguvugu ukikigusa.

#10 Dk_Ohm
Nadharia ya Mzee ni nzuri lakini kwa uzoefu wa pakiti za sambamba nyingi, chanzo kikubwa ni seli moja mbovu ndani ya kundi. Kwenye 8P seli moja yenye shoti ndogo ya ndani inanyonya wenzake saba kimya kimya. Hutaiona kwa mita kwa sababu zote nane zimefungwa pamoja na zinasoma volti moja.

Shoti ndogo inaanzaje: seli iliyowahi kushushwa chini ya 2V na kukaa hivyo. Shaba ya upande hasi inayeyuka kwenye elektroliti, ukichaji tena inajijenga upya mahali pasipotakiwa na kupenya kwenye utando. Au seli iliyochajiwa kwa nguvu ikiwa na baridi chini ya 0°C, lithiamu inaganda juu ya grafati badala ya kuingia ndani. Hiyo ya pili kwetu pwani haipo, labda Makete asubuhi ya Juni.

Jaribio: ondoa soketi ya BMS kabisa, sawazisha makundi yote, acha siku 14, pima. Kundi la 1 likishuka peke yake bila BMS, ni seli. Lisiposhuka, Mzee ameshinda.

#11 PembaNuru
Na mimi naweka ya tatu. Kundi la 1 liko wapi ndani ya boksi? Kwenye pikipiki nyingi ndogo upande wa B- ndio uliokaribiana na kontrola au BMS yenyewe, pale penye joto. Seli iliyokaa kwenye nyuzi 45 inajimwaga na kuzeeka haraka kuliko iliyokaa kwenye 30. Hata bila shoti na bila transista mbovu, kundi moja likiwa na joto zaidi kila siku kwa mwaka litaachana na wenzake.

Pia uliza kama kuna kengele ya wizi au chaja ya simu iliyofungwa kwenye pakiti. Watu wanapotafuta 12V wanachukua kutoka B- hadi kundi la 3.

#12 Dk_Ohm
PembaNuru, hiyo ya kengele ingeshusha makundi matatu, la 1, la 2 na la 3. Hapa limeshuka moja tu. Ya joto naikubali nusu. Joto lingeonekana pia kwa kundi la jirani, lingekuwa 4.12V au 4.13V, halingekuwa sawa kabisa na la 13.

#13 FundiWaya
Hakuna kengele wala chaja ya simu. Kundi la 1 lipo chini ya BMS, limetenganishwa nayo kwa karatasi ya kuhami tu. Nataka nilirudishe kundi la 1 juu kwanza ili jaribio la siku 14 lianze makundi yakiwa sawa. Njia salama ni ipi?

#14 BintiSola
Ukisubiri BMS isawazishe yenyewe utazeeka. Inatakiwa kuchoma Ah 6 kwenye kila moja ya makundi 12, kwa 42mA ni zaidi ya saa 140. Inua kundi la 1 peke yake.

Tumia moduli ya TP4056, ile ndogo ya kuchajia seli moja. Ikiwa na kipingamizi cha 1.2kΩ inatoa 1A na inasimama yenyewe kwenye 4.2V. B+ ya moduli kwenye nikeli ya chanya ya kundi la 1, B- kwenye hasi yake, waya usiwe mwembamba kuliko 0.75mm². Iendeshe kwa chaja ya simu ya ukutani, siyo USB ya kompyuta ya mezani, kwa sababu hasi ya kompyuta imeungana na ardhi ya nyumba. Soketi ya BMS iwe imechomolewa, chaja kubwa na pikipiki viwe vimeondolewa. Kwa Ah 6 itachukua saa 6 na mkia wa saa moja au mbili. Moduli itapata moto, iweke juu ya kigae, siyo juu ya seli. Na kundi moja kwa wakati mmoja; moduli mbili kwenye chanzo kimoja cha USB ni shoti kati ya makundi.

Gusa seli kila nusu saa. 1A ikigawanywa kwa seli nane ni 125mA kila moja, hakuna sababu hata moja ya seli kuwa na joto kwa mkondo huo. Ukikuta moja ina joto kuliko jirani, umempata mwizi wako, simamisha hapo hapo.

#15 Kijana_wa_Sola
Samahani kuingilia. Chaja ya betri za asidi ya 48V si inaweza kutumika hapa kwa dharura? Zote zimeandikwa 48V.

#16 NjorogeVolts
Hapana, na tafadhali usijaribu. Betri nne za asidi za 12V zinachajiwa hadi kati ya 57.6V na 58.8V. Gawa 58.8 kwa 13: 4.52V kwa kila seli. Kinachosimama kati yako na moto ni transista za BMS peke yake, na BMS ni mlinzi wa mwisho, haikutengenezwa iwe breki ya kila siku. Transista zikipata shoti, zinaendelea kupitisha mkondo, hazikati tena.

Kumbuka hivi: 10S ni 42.0V, 13S ni 54.6V, 20S ni 84.0V. Hizo ni za ioni za lithiamu za kawaida, 4.20V mara idadi. LiFePO4, lithiamu ya fosfati ya chuma, ni 3.65V mara idadi: 4S ni 14.6V, 16S ni 58.4V. Maandishi ya "48V" kwenye boksi hayatoshi, hesabu makundi.

#17 BintiSola
Niongeze kwa Kijana, maana nyumba nyingi za sola sasa zinaingia LiFePO4. Pakiti ya 4S ichajie 14.2V hadi 14.4V inatosha, haina haja ya kugusa 14.6V kila siku. Zima hatua ya kusawazisha kwa volti kubwa ambayo kontrola za sola wanaiweka kwa ajili ya betri za maji, inapanda hadi 15V na zaidi. Na usitafute kundi bovu la LiFePO4 ukiwa katikati ya chaji. Kati ya asilimia 30 na 80 zote zitakusomea karibu 3.3V, nzima na mbovu. Tofauti utaiona juu, pakiti ikivuka 3.4V kwa seli, au chini kabisa.

#18 Kijana_wa_Sola
Nimeelewa, shukrani. Swali la mwisho: ni kweli pakiti mpya uichaji saa nane hadi kumi na mbili mara ya kwanza?

#19 MzeeTransfoma
Hiyo ni ya enzi za nikeli-kadimi, ilikuwa na maana wakati ule. Lithiamu inachajiwa hadi mkondo ushuke, basi. Haina kumbukumbu, huhitaji kuimaliza ndiyo uichaji. Kuimaliza kabisa ndiko kunakoiumiza.

#20 Mama_Voltage
Kwenye hilo, mimi nashauri watu wasichaji hadi 100 kila siku. Punguza chaja hadi 53.3V, ambayo ni 4.10V kwa seli. Unapoteza karibu asilimia 10 ya umbali, lakini seli inaishi mizunguko mingi zaidi, kwa sababu volti za juu pamoja na joto ndivyo vinavyoila. Kwa Dar au Mombasa, pakiti iliyojaa 4.20V ikikaa kwenye chumba cha bati mchana kutwa inazeeka bila hata kutembea. Ya kuhifadhi mwezi au zaidi iache 3.7V hadi 3.8V kwa seli, yaani 48V hadi 49.5V kwa 13S, na ipime kila baada ya miezi miwili.

#21 Dk_Ohm
Mama, kwa kuhifadhi tuko pamoja. Kwa 53.3V kila siku, sikubaliani moja kwa moja. BMS ya aina hii inaanza kusawazisha kama 4.18V. Ukiishia 4.10V daima, haitasawazisha hata siku moja, na huenda ndicho kilichoipata pakiti hii. Uvujaji mdogo ambao ungerekebishwa kila usiku umeachwa ukajilimbikiza.

#22 Mama_Voltage
Ndiyo maana unaipandisha 54.6V mara moja kila wiki mbili au tatu na kuiacha saa kadhaa baada ya taa kuwa kijani, ukiwepo nyumbani. Na chaja ya mwenye uzi ni 54.6V, kwa hiyo pakiti hii haikuwahi kuishia 4.10V.

#23 FundiWaya
Mama yuko sahihi, chaja ilikuwa 54.6V wakati wote. Ila mwenye pikipiki ana kawaida ya kuichomoa mara tu taa inapogeuka, kwa hiyo muda wa kusawazisha ulikuwa mdogo sana.

#24 Said_Maskati
Assalaam alaykum. Nipo Muscat, nataka kumpelekea ndugu yangu Unguja pakiti kama hii kwenye begi la ndege. Inawezekana?

#25 PembaNuru
Waalaykum salaam sheikh. Haiwezekani. 48V mara 20Ah ni 960Wh. Abiria anaruhusiwa betri ya akiba hadi 100Wh, ikae kwenye begi la mkononi. Kati ya 100 na 160Wh uombe ruhusa ya shirika la ndege. Zaidi ya hapo haipandi na abiria kabisa. Pawabenki ya 20000mAh ni 74Wh, hiyo inapita, lakini mkononi, siyo kwenye begi la chini. Pakiti kubwa iende kama mzigo wa hatari, daraja la 9, namba UN3480, kupitia wakala anayeshughulika na mizigo hiyo. Usiifiche ndani ya kreti la vyombo, unahatarisha meli nzima.

Kama anajua kuunda, bora anunue seli karibu. Tahadhari: seli ya 18650 iliyoandikwa 9900mAh ni ya uongo, nzuri zinazouzwa kwa wingi ni karibu 3500mAh. Iweke kwenye mizani, halisi ina gramu 45 hadi 50. Ya gramu 30 imejazwa upepo.

#26 Kigali_Moto
Turudi kwenye usalama, naona mtu kasema "usiku kucha" kwenye #1 na hakuna aliyeligusa. Mahali pa kuchajia pana uzito kuliko chaja. Sakafu ya saruji au kigae, mita moja kutoka kwenye pazia na godoro, na isiwe kwenye korido ya mlango wa kutokea. Pakiti ikiwaka mlangoni, mliopo ndani mmefungiwa. Ikitoka safarini ipumzike dakika 30 hadi 60 kabla ya kuchaji. Ngozi ya nje inapoa mapema lakini seli za katikati bado zina moto, na mwisho wa kuchajia ni 45°C. Kwenye vituo vya kubadilishia betri za pikipiki hapa Kigali pakiti zinapimwa joto kabla ya kupewa mkondo. Nyumbani hakuna wa kuzipimia, kwa hiyo unazipa muda.

#27 Mchuma_Temeke
Na ikianza kufuka, ndoo ya mchanga iwe jirani.

#28 Kigali_Moto
Mchanga unazuia cheche zisiruke mbali, kwa seli moja mbili ni sawa. Kwa seli 104 hautoshi, kwa sababu haupoozi. Seli moja inapashia jirani, jirani inapashia mwingine, chini ya mchanga kazi inaendelea. Kinachovunja mnyororo ni kupooza, na kinachopooza ni maji mengi. Hii siyo metali tupu ya lithiamu inayoweza kuwaka ikiguswa na maji. Kata umeme wa chaja kwenye soketi kuu kwanza, kisha maji kutoka mbali, mfululizo. Ile mitungi ya unga inaua mwali tu, pakiti inaweza kuwaka tena saa kadhaa baadaye. Na moshi ule una floridi ya hidrojeni na gesi zinazoweza kulipuka ndani ya chumba. Ukisikia mlio wa kupumua au harufu tamu kama ya kiyeyusho cha rangi, watu watoke nje kwanza. Chombo kinanunuliwa kingine.

#29 Mchuma_Temeke
Mchanga utabaki, ila nitaweka bomba la maji pembeni yake. Kwa nyumba isiyo na maji ya bomba bado mchanga ni bora kuliko mikono mitupu, hapo hutanitoa.

#30 FundiWaya
Narudi na majibu. Kundi la 1 lilipandishwa kwa TP4056 mpaka moduli ikasimama. Hakuna seli iliyopata joto. Mabati yote ya nikeli yameshika. Soketi ya BMS imechomolewa tangu wakati huo.

Mwanzo: kundi la 1 4.19V, mengine 4.16V hadi 4.17V
Baada ya siku 1: kundi la 1 4.16V, mengine hayajasogea
Baada ya siku 4: kundi la 1 4.14V, mengine 4.16V

Kabla ya kuchomoa soketi nilipima kipingamizi cha kundi la 1 kwenye BMS kama Mzee alivyoelekeza. Hakisomi 0V, wala hakisomi volti za kundi. Kinasoma 0.6V. Vingine vyote 0V.

#31 MzeeTransfoma
0.6V juu ya ohmu 100 ni 6mA. Transista haijapata shoti, inavuja. 6mA kwa siku ni 0.144Ah. Kufikia Ah 6 inahitaji siku 42 hivi. Muulize mwenye chombo, tatizo lilianza lini.

#32 FundiWaya
Anasema umbali ulianza kupungua kama mwezi mmoja na nusu uliopita.

#33 MzeeTransfoma
Basi. Badilisha BMS.

#34 Dk_Ohm
Mzee, heshima yako, lakini usifunge faili. Soketi ikiwa nje, kundi la 1 limeshuka kutoka 4.16V hadi 4.14V kati ya siku ya 1 na ya 4. BMS haikuwepo. Tukisema 0.02V pale juu ni asilimia 2, ni 0.4Ah kwa saa 72, karibu 5.5mA zinapotea ndani ya seli zenyewe. Ukibadilisha BMS pekee tatizo litarudi, polepole zaidi.

#35 NjorogeVolts
Ningekuwa mwangalifu na hiyo 0.02V. Kundi la 1 ndilo pekee lililotoka kuchajiwa, mengine yalikuwa yameshatulia. Seli iliyotoka kwenye chaja inashuka yenyewe siku za mwanzo bila kupoteza chochote, ni kutulia tu kwa lithiamu ndani ya elektrodi. Kushuka kwa siku ya kwanza ndiko huko, na sehemu ya zilizofuata inaweza kuwa hiyo hiyo.

Na hesabu ya siku 42 nayo ina tundu. Makundi 12 yalipokuwa juu ya 4.18V kila usiku yalikuwa yanachomwa 42mA, hata kama ni kwa dakika chache. Hiyo ilirudisha sehemu ya tofauti. Kwa hiyo 6mA peke yake ingechukua muda mrefu kuliko siku 42.

#36 PembaNuru
Na zote mbili zimepimwa mezani, kwenye ubaridi. Transista inayovuja 6mA kwenye nyuzi 28 inavuja zaidi kwenye nyuzi 50, na seli vivyo hivyo. Kundi la 1 liko chini ya BMS, lilikuwa linapata joto lote. Pima tena ukiwa umeipasha BMS kwa dryer ya nywele.

#37 BintiSola
FundiWaya, anza kuhesabu upya kutoka siku ya 4, iwe ndiyo sifuri yako. Tumia mita yenye desimali tatu, hizi mbili hazitoshi kwa uvujaji wa 5mA. Pima saa ile ile ya siku, chumba kile kile. Baada ya siku 10 tofauti ya kundi la 1 na la 2 ikiwa imeongezeka chini ya 0.005V, seli ni nzima, weka BMS mpya na karatasi nene ya kuhami kati yake na kundi hilo. Ikizidi 0.02V, fungua bati la upande hasi la kundi la 1, tenganisha seli nane, andika namba kwa kalamu, zilaze siku 14 kila moja peke yake. Yenye shoti itajitenga.

Ukiirudisha, seli utakayoweka mpya iwe na volti sawa na saba zilizopo, tofauti isizidi 0.05V. Ikiwa 0.3V, na ukinzani wa jumla ukiwa miliohmu 100, ni 3A zinaruka mara unapogusisha. Nikeli iwe tupu ya 0.15mm kwa 8mm, siyo chuma kilichopakwa nikeli. Ikwaruze kwa tupa, iloweke kwenye maji ya chumvi usiku mmoja, ikishika kutu irudishe dukani. Na uchomelee kwa mashine ya nukta, usiweke solda juu ya seli.

#38 FundiWaya
Nimepata mita ya desimali tatu. Leo, siku ya 4: kundi la 1 4.141V, la 2 4.163V, la 3 4.164V, la 13 4.162V. Kipimo cha dryer kwenye BMS nafanya jioni hii, naweka namba hapa hapa.